Siku ya Tisa Haikuandikwa

6 Februari

Mke wa mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila masikio ndiyo yamegoma kabisa. Ndiyo maana nakuandikia. Simu kwangu sasa ni kidude cha kupigia kelele tu: wewe unasema "shikamoo," mimi nasikia "shika moto," tunaishia kushtushana.

Nina neno, na sitalizungusha. Jumamosi mlikuja. Ulipika, ukaosha vyombo, ukanisuka hata nywele. Ilipogonga saa kumi na moja ukasimama na mkoba: "Mama, sisi tunawahi." Mara ya mwisho wewe kulala kwangu, huyu mjukuu wangu mdogo alikuwa bado tumboni. Sasa yuko darasa la pili.

Safari hii nilikuwa nimekushonea godoro. Unajua nilishaacha ufundi, vidole vinaniuma. Lakini sufi ile niliichambua wiki tatu, punje kwa punje, nikalitandika chumba cha mbele. Ulilitazama kama mtu aliyeonyeshwa jeneza lake. Halafu mkaondoka.

Wifi yako anasema una maringo, kwamba nyumba yangu imekuwa ndogo machoni pako. Sikufichi, nilikubaliana naye. Kama nimekukosea, niambie. Mimi ni mtu mzima, nitasikia. Kwa macho, maana masikio nimeshakwambia.

Mama mkwe wako


15 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa salama. Sisi huku hatujambo.

Nimesikitika kujua kwamba tuliondoka tukakuacha na dukuduku. Hujanikosea lolote. Mahakamani kesi zimekuwa nyingi na mimi kama karani natakiwa kufika mapema kupanga majalada, hivyo hupenda kupumzika nyumbani kabla ya wiki kuanza. Godoro ni zuri sana. Tunakushukuru.

Watoto wanakusalimu.

Mkwe wako


22 Februari

Karani,

Barua yako imefika. Imepangwa vizuri, haina kosa hata la nukta. Nimeisoma mara mbili nikimtafuta aliyeiandika, sikumwona.

Mwanangu alipopita kuniletea dawa nilimwuliza. Akatazama viatu vyake. Huyo tangu mdogo, akitazama viatu ujue kuna jambo amekatazwa kusema. Basi sitauliza tena.

Wabusu watoto.

Mama mkwe wako


9 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimechana karatasi nne. Hii ya tano nitaipeleka posta hata ikiwa na makosa.

Mimi najikojolea.

Nimeshaliandika, sasa mengine yatafuata.

Ilianza baada ya kumzaa huyu mdogo. Nilidhani ni mambo ya uzazi, yatapita. Hii ni miaka minane. Si kile cha kupiga chafya kikatoka kidogo, wanawake wakacheka. Haja inanijia ghafla, kama mtu kanipigia ukelele tumboni, na kabla sijasimama imeshatoka. Nikisikia maji ya bomba, inatoka. Nikiingiza ufunguo kwenye mlango wangu mwenyewe, inatoka, nami nimesimama pale pale nje na ufunguo mkononi. Mara nane kwa siku, mara tisa. Usingizini pia.

Kazini nakaa mbele ya meza ya hakimu naandika kila neno linalosemwa. Karani hawezi kuinuka shahidi akiwa katikati ya maneno. Mwaka juzi mzee mmoja alieleza habari ya mpaka wa shamba saa mbili nzima, tangu siku ya babu yake. Nilitoka pale nimejikinga nyuma kwa jalada la kesi. Umewahi kunitania kwamba nguo zangu zote nyeusi, nani kafa? Hakufa mtu, Mama. Nyeusi haionyeshi.

Mwanao anajua. Ndiye anayebeba mfuko wa nguo za akiba, ndiye niliyemfundisha kusema "tunawahi." Nilimwapisha. Nakuomba usimlaumu. Amefua mashuka miaka minane na sijamsikia akiguna hata siku moja. Kila nikifikiri nimepata mume wa namna gani, ni wewe ninayekushukuru, ingawa sijawahi kukwambia.

Na lile godoro. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba sufi ikiloa ndani haikauki kirahisi. Nilipoliona, niliona vidole vyako vinavyouma, na nikajua mimi ninahitaji usiku mmoja tu kuliharibu.

Nimefanya mazoezi ya kubana nyonga. Nimemeza vidonge vilivyonikausha kinywa mpaka ulimi ukanata. Nimechomwa sindano ndani ya kibofu. Zilinisaidia miezi mitano, halafu zikaniziba kabisa nikawa nawekewa mpira wa kutolea mkojo. Sasa daktari ana wazo jingine. Kuna kifaa chembamba, si kikubwa kuliko kiberiti, kinachopachikwa chini ya ngozi juu ya tako. Kinatoa waya unaokwenda chini kabisa ya mgongo, karibu na mshipa wa fahamu unaozungumza na kibofu. Anasema kibofu changu si kibovu. Kinapelekewa habari za kukitisha tu, na umeme mdogo wa kile kifaa unatuliza mazungumzo hayo. Bima ya kazini imekubali. Mimi ndiye sijakubali.

Naogopa waya mgongoni. Naogopa kuishi na betri mwilini kama redio. Zaidi ya yote naogopa kutumaini tena.

Sasa unajua kwa nini tunawahi.

Mkwe wako


17 Machi

Mwanangu,

Niliianza barua yako nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Kwanza nisamehe. Nimemwita wifi yako nikamwambia, "Yale tuliyosema juu ya mke wa kaka yako yalikuwa ya kijinga, tuyafute." Akang'ang'ania kuuliza sababu. Nikamwonyesha masikio yangu kwamba sisikii. Akapaza sauti. Nikazidi kutosikia. Uziwi nao una faida zake.

Pili, hivi unafikiri unamwambia nani? Miaka arobaini na moja nimefumua magodoro ya watu. La mwalimu mkuu, la bibi harusi wa miezi mitatu, la yule bwana aliyekuwa akitufokea kwenye kila mkutano kuhusu usafi. Katika magodoro kumi, matatu au manne yalikuwa na mkojo wa mtu mzima. Nilitoa sufi, nikaianika juani, nikafua kitambaa, nikashona, nikarudisha. Mwenyewe hakusema, nami sikusema. Nilijisifu kwa kutunza siri za watu. Leo najiuliza. Kila mmoja wao alilala akidhani yuko peke yake mji mzima, na mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba sivyo. Ningemwambia hata mmoja, "Dada, mko wengi." Sikumwambia.

Lile godoro nimempa jirani aliyejifungua. Usilie. Nitakushonea jingine na foronya mbili za kufulika. Na ukilikojolea, fundi wake si yupo hai?

Habari ya kifaa sitakwambia weka wala usiweke. Mwili ni wako. Lakini mimi ni mtu wa sindano na uzi, na kabla sijashona huuliza. Basi muulize huyo daktari. Waya ukisogea, nani anaurudisha, na kwa kupasua wapi? Betri ikiisha je? Ameshawawekea wangapi, na wangapi walirudi wakinung'unika? Kuna namna ya kujaribu kwanza, kama vile mimi ninavyotandika sufi kabla ya kuifungia? Asipokuwa na majibu, usimpe mgongo wako.

Na siku ukienda, nakuja kukaa na watoto. Usijibu hilo, si swali.

Mama yako


2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sikujua karatasi inaweza kumwondolea mtu mzigo mabegani. Mwanao alinikuta nimekaa jikoni na barua yako, nacheka huku machozi yananitoka. Akaogopa. Nikampa asome. Alipofika pale pa uziwi akatoka uani kujipangusa macho.

Maswali yako niliyanakili kwenye karatasi nikampelekea daktari. Akayasoma yote, akaniuliza, "Huyu ni mwanasheria?"

"Ni mama mkwe wangu. Fundi magodoro."

"Basi ngoja nivute kiti."

Akajibu moja moja. Waya huweza kusogea. Ikitokea, wanafungua tena pale pale na kuunyoosha. Betri hudumu miaka, siyo milele, na kuibadilisha ni upasuaji mdogo. Wapo ambao hakiwasaidii, hakuficha. Lakini kuna kujaribu kwanza. Wananipitishia waya mwembamba wa muda, kifaa chenyewe nakifunga kiunoni nje, wiki mbili. Kila mkojo unaotoka bila ruhusa yangu nauandika kwenye daftari. Nimeshaanza kuandika wiki mbili za kabla. Mara hizo zikipungua zikafika nusu au chini yake, ndipo tuzungumze habari ya kupachika. Zisipopungua, waya unavutwa, linabaki tundu la sindano.

Nimesema ndiyo kwa majaribio tu. Ni tarehe kumi na mbili. Kwa wiki mbili siruhusiwi kuinama, kujinyonganyonga wala kubeba kitu. Njoo, Mama.

Mwanao


3 Mei

Karani wangu,

Nimefika salama na paka hajanisamehe kwa kumwacha.

Wiki mbili kwako nimezila kwa raha. Nasema hivi kwa sababu kwa mdomo sikukwambia, tulikuwa na wale watoto katikati kila dakika. Nataka ujue nilichokiona siku ya nne. Ulikuwa jikoni, ukafungua bomba kuosha kikombe. Ukaganda, mabega juu, kama mtu anayesubiri kofi. Maji yakaenda. Kikombe kikajaa, kikafurika, maji yakaendelea, na wewe umesimama tu. Halafu mabega yakashuka. Ulifunga bomba, ukafungua tena. Ukafunga, ukafungua. Ulidhani niko sebuleni. Nilikuwa mlangoni na kapu la nguo, nikarudi nyuma polepole nisikuharibie.

Miaka yote hii sijawahi kuona mtu akifurahia bomba.

Sasa waya umetolewa na daktari kakwambia umefaulu. Nilikaa siku tatu zaidi nikisubiri useme siku ya upasuaji. Hukusema. Nilikuona ukifungua droo ya kabati, unatazama ndani, unaifunga. Kama ni woga wa kisu, sema. Kama ni jingine, liseme pia.

Mama yako


10 Mei

Mama,

Shikamoo. Ndani ya droo kuna fomu. Inasubiri saini yangu.

Siku ya tisa nilirudi kazini. Kabla ya mapumziko ya mchana mhudumu alifungulia maji kwenye ndoo pale ukumbini, nami napita. Ikatoka yote, Mama. Si tone. Nilijifungia chooni nusu saa. Nilipofika nyumbani nikachukua daftari, nikaandika tarehe, na mbele yake nikaandika sifuri.

Unaelewa? Mimi ambaye kazi yangu ni kuandika kilichosemwa, siyo ninachotaka kiwe kimesemwa. Nimewaona watu wakienda jela kwa neno moja waliloliruka. Daktari alipolifungua lile daftari akasema "Vizuri sana," nilijiona niko kizimbani.

Nilidhani nikiandika ukweli watasema imeshindikana, waninyang'anye. Nilikuwa nimeshaonja siku nane. Hujui siku nane ni nini.

Na sasa waya umetoka, yote yamerudi. Jioni ile ile, mlangoni, ufunguo mkononi. Nikisaini, nitakuwa nimekipata kwa ushahidi wa uongo, na siku kikinigomea nitajua ni adhabu yangu. Nisiposaini, ndiyo hivi. Mwanao sijamwambia. Anaimba siku hizi akipiga pasi. Sina moyo wa kumnyamazisha.

Mwanao


16 Mei

Mwanangu,

Siku ya tisa nilijua.

Ulirudi hukusalimia, ukaenda moja kwa moja kwenye beseni. Nikakuona dirishani unafua sketi ambayo uliifua jana yake. Nikajua, nikaenda kukoroga chai. Nikanyamaza, yale yale ya miaka arobaini na moja. Basi tuko wawili tulioifuta siku ya tisa, usijibebeshe peke yako.

Safari hii sinyamazi. Nenda kamwambie daktari. Usimwandikie, maana wewe ukiandika unajificha nyuma ya mwandiko mzuri. Nenda na mdomo. Sijui atasema nini. Hesabu ya sufi naijua, ya kibofu siijui. Lakini wewe huwezi kuishi na kitu chini ya ngozi ambacho kila ukikigusa kinakukumbusha uongo. Nakufahamu kiasi hicho.

Uliogopa kunyang'anywa. Mtu mwenye kiu akificha kikombe, nani wa kumhukumu? Si mimi. Nenda.

Mama yako


1 Juni

Mama,

Nilikwenda. Niliogopa kuliko siku ya waya.

Nikamwambia yote, hadi ile nusu saa chooni. Akachukua daftari, akalifungua siku ya tisa, akanipa kalamu yake. "Andika."

Nikafuta sifuri nikaandika moja.

Akavuta kurasa za nyuma. "Kabla ya waya, wiki mbili, ulivujisha mara mia na kumi na nne. Na waya, uliandika nne. Na hii, tano. Mimi nilikuwa natafuta nusu. Nusu ya mia na kumi na nne ni ngapi?"

"Hamsini na saba."

"Na wewe una tano. Ulikuwa unaficha nini?"

Nikaanza kulia, na yeye akawa ananitafutia karatasi laini kwenye droo zote, hazipo, akanipa gozi la kufungia vidonda. Nikajipangusa kwa gozi. Muuguzi alipoingia akadhani nimeumia.

Halafu daktari akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Siku ile ya tisa, nguvu ya kifaa ulikuwa umeiweka wapi?" Nikakumbuka. Ile hali ya kifaa kunigongagonga kule chini ilikuwa inanisumbua nikikaa kwenye kile kiti kigumu cha mahakama, asubuhi nikateremsha nguvu kwa kirimoti chake, nikasahau kuirudisha. Akapiga meza kwa furaha. "Unaona! Hilo ndilo nililolihitaji. Mwili wako ukiwa umekaa unataka mpangilio mwingine. Usingeniambia, ningekupachikia kifaa nikakuacha uhangaike nacho kazini, na wote wawili tungesema hakifai."

Nimesaini pale pale, juu ya meza yake. Mwandiko mbaya, ungefurahi. Ni tarehe ishirini na nne.

Jioni nikamwambia mwanao. Akaacha pasi, akanitazama. "Yaani ulibeba hilo wiki zote hizi, nami naimba?" Nikamwambia nilipenda kusikia. Akarudia kuimba, shati likaungua.

Mwanao


9 Juni

Karani wangu,

Nimeisoma barua yako hadi imelegea mikunjo.

Jana alikuja mama mmoja kuniuliza kama bado nashona. Nikamwambia nimeacha, lakini keti. Godoro lake nimewahi kulifumua mara mbili, miaka sita iliyopita na mitatu iliyopita. Nikamwekea chai. Nikamwambia, bila kutaja jina la mtu, kwamba wako wanawake wengi wa namna fulani, na wanaume pia, na siku hizi kuna mazoezi na dawa na hata vifaa, na kuna daktari anayesikiliza. Alitazama chai mpaka ikapoa. Akaaga, akafika mlangoni, akarudi. Akanisogelea sikioni akapaza sauti, "Hiyo hospitali wanafungua saa ngapi?"

Nadhani jirani wote wamesikia. Hakujali, nami sikujali.

Wewe ndiye uliyenifungua mdomo, kwa mistari miwili ile ya karatasi ya tano. Uliniandikia kuomba radhi, kumbe ulikuwa unanipa kazi mpya uzeeni. Nashukuru.

Tarehe ishirini na tatu nitakuwa hapo. Paka anakwenda kwa wifi yako, wavumiliane.

Mama yako


12 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Daktari aliniona jana, nimetimiza miezi mitatu na nusu. Kovu limekauka, kifaa nakisikia tu nikiegemea ukuta vibaya. Nina kirimoti ninachotunza kama ufunguo wa nyumba: nikikaa kazini napunguza alama moja, nikisimama narudisha, na sisahau tena. Siyo muujiza. Mwezi uliopita niliponyokwa mara mbili, mara moja kwa kuchelewa mwenyewe, na zote nimeziandika. Mwaka ujao pengine watarekebisha tena. Nimelikubali hilo. Mia na kumi na nne, Mama, na sasa mbili.

Nimemshukuru daktari, nimemshukuru muuguzi, mwanao namshukuru kila siku mpaka ananiambia basi. Wewe sijui nianzie wapi. Ulinishonea godoro nikakukimbia, nawe ukanifuata kwa barua, ukanishika mkono hadi kwa daktari. Nilikuwa na mama mmoja akafariki. Sikujua kwamba nilikuwa nimepewa mwingine, nami kila Jumamosi nilikuwa namkimbia saa kumi na moja.

Ngoja nikwambie la jana jioni, ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Darasa la mdogo walikuwa na onyesho la nyimbo shuleni. Mimi kwenye maonyesho hukaa kiti cha mwisho kabisa, mguu mmoja nje ya mlango, na mara nyingi wimbo wake ukifika mimi niko chooni. Jana nilichelewa, viti vya mlangoni vimejaa. Mwalimu akanisukuma ndani, safu ya nne, katikati. Kulia kwangu baba mmoja mnene, kushoto mwingine mnene zaidi. Nikakigusa kifaa nyuma ya kiuno, nikakaa.

Wakatoka watoto. Mjukuu wako akatazama mlangoni, kwenye kiti changu. Akamwona mtu mwingine. Akanywea, nikaona kidevu kinatetemeka. Nikainua mkono juu ya vichwa vya watu wote.

Akatafuta, akaniona. Pale katikati, nimebanwa huku na huku, sina pa kukimbilia.

Wimbo ukaanza, wenzake wakaimba. Yeye hakuimba hata neno moja, Mama. Alisimama tu mbele ya shule nzima, ananitazama, anacheka.

Mwanao